Nusu ya Somo la Fundi

Alhamisi, tarehe kumi na mbili Juni, saa nne asubuhi, nilikuwa nimeketi ofisini kwangu Changamwe nikijaribu kumwingiza mtu mzima katika mistari minne.

Fomu ilitoka chuo kipya cha ufundi, kilichofunguliwa hatua chache kutoka barabara ya Magongo. Wanatafuta mtu wa kuwafunza wanafunzi kazi ya kuunga nyaya za kioo, hizi ambazo kila mtu huziita faiba, na miongoni mwa walioomba alikuwamo Fundi, aliyenifunza kazi hiyo. Cheti hana. Chuo kikaiandikia kampuni yetu, aliyoitumikia muda mrefu zaidi, na barua za namna hiyo huishia mezani kwangu. "Mweleze mwombaji kwa ufupi," ilisema fomu. Chini yake palikuwa na swali jingine: "Je, amewahi kupatikana na kosa kazini? Fafanua."

Swali hilo ndilo lililonikaushia kalamu. Faili la Fundi lina kosa moja tu, kubwa, limeandikwa kwa wino mweusi na kutiwa muhuri, na mwisho wake kuna sentensi isemayo kwamba asiruhusiwe tena kufunza wafanyakazi wapya. Nalijua kosa hilo kuliko aliyeliandika. Nililifanya mimi.

Nikaiacha mistari ile minne kama ilivyo, nikachukua daftari, nikaanza kuandika haya. Nilifikiri kwamba nikimwandika Fundi jinsi nilivyomjua, labda mkono utapata nguvu ya kufika kwenye swali la pili.

Nianze na mikono yake. Uzi wa kioo una unene wa unywele, na ndani ya unywele huo hupita mazungumzo ya mji mzima. Kuunga nyuzi mbili ni kuzikutanisha ncha kwa ncha ndani ya mashine ndogo inayoziyeyusha zikawa moja, na punje ya vumbi ambayo hata huioni yatosha kuiharibu kazi. Fundi alikuwa na vidole vinene vya mtu aliyetumia ujana wake kuvuta nyaya za simu za shaba. Ukiviona ungedhani vitauvunja uzi kwa kuugusa tu. Lakini vilipokaribia kioo vilibadilika, vikawa vya mtu mwingine. Aliufuta uzi kwa spiriti mara tatu, wala si mbili. "Mara ya kwanza watoa uchafu," alituambia. "Ya pili watoa uchafu wa kitambaa. Ya tatu watoa kiburi."

Vipande vya kioo alivyovikata alivitia katika chupa tupu ya achari, na alivihesabu. Kipande kikikuingia kidoleni hukioni tena; kikiingia jichoni, umeharibikiwa. Siku moja tulikata ncha kumi na mbili, chupani vikaonekana vipande kumi na kimoja. Alitupigisha magoti, dereva wetu na mimi, kando ya barabara ya Magongo, malori ya makontena yakitupitia na kutumwagia mavumbi, tukakitafuta kipande kisichofika urefu wa punje ya mchele. Hatimaye akakipata mwenyewe, kwenye ukosi wa shati lake. Nilingoja aombe radhi.

"Kwani mlikuwa na safari?" akasema.

Na hasara ya mwanga! Kila kiungo hupoteza mwanga kidogo, na mashine huandika kiasi kilichopotea. Kampuni iliweka kiwango. Ukiwa chini yake umepita. Fundi alikuwa na kiwango chake, kikali kuliko cha kampuni, na kiungo kisichomridhisha alikivunja akaanza upya, hata kama jua lilituchoma na njaa ilituuma. Dereva, mtu mzima kutoka bara ambaye tumbo lake lilikuwa na saa kali kuliko ya ofisi, siku moja alichoka kabisa.

"Fundi, aki hiyo hasara hata Mungu haioni. Twende tukakule."

"Astaghfirullah!" Fundi aligeuka na mashine mkononi. "Mungu ndiye wa kwanza kuiona. Wa pili ni mimi."

Katika daftari la vipimo aliandika kilichosomeka, kizuri kwa kibaya. Meneja wa wakati ule alimsihi mara kadhaa aitie nambari moja utu kidogo, ripoti ipendeze. Fundi alimpa kalamu. "Tia wewe. Na utie sahihi yako." Meneja hakutia. Nayasema haya mapema ili msomaji aelewe ninachokuja kukisema: mtu huyu, ambaye hakuweza kuidanganya karatasi, nimemsikia akisema uongo mara moja tu katika maisha yake, na aliusema mbele yangu, kwa ajili yangu.

Asidhaniwe kuwa alikuwa mtakatifu. Alikuwa mkali wa maneno, mwenye kununa, na alipokosea njia alimlaumu dereva. Ndevu zake alizitia piko, ile rangi nyeusi ya kuficha mvi, kila wiki mbili, na ole wako uonekane umezitazama. Alitushinda wote kwa ubahili wa sifa. Katika miaka yote ile sifa kubwa niliyopata kwake ni "Si mbaya," nayo niliibeba nyumbani kama zawadi ya Idi. Tena yeye aliyeuunganisha nusu ya mji na dunia hakuwa na mtandao nyumbani kwake. Simu yake ilikuwa ile ndogo ya tochi. Tulipomtania alijibu kwamba mchimba kisima si lazima awe na kiu.

Kauli yake kubwa ilikuwa moja, aliirudia mpaka dereva akawa anaimalizia kabla yake: "Jicho ni shahidi mmoja tu. Mtafute wa pili." Hakuamini kitu kwa kukiona. Ukimwambia uzi umekatika, atauliza nani mwingine kasema. Kipimo kikisema, atakigeuza, akipimie upande wa pili. Kwao Mtongwe, alisema, kesi haikatwi kwa shahidi mmoja, na kioo nacho kina haki zake.

Lakini jambo lililonifanya nimpende, nikaikubali ile kazi ya kukaa mashimoni nami nina diploma yangu ya fizikia kabatini, ni namna alivyofurahi. Sijaona mtu mzima mwenye furaha ya aina ile. Ilimjia ghafla, sauti ikapanda, akawa anashika mkono wa yeyote aliye karibu. Nilikuwa nimesoma mwanga kwa miaka mitatu chuoni, nimefaulu mitihani yake, na sijawahi hata mara moja kushangaa. Yeye alinishangaza kwa rimoti ya televisheni.

Ilikuwa wiki yangu ya sita kazini, katika mkahawa mmoja Kipevu. Nilikuwa mwanamke pekee katika kikosi chetu, bado niko katika kipindi cha majaribio ya kazi. Tumeagiza wali, haujaja. Fundi akaichukua rimoti iliyokuwa juu ya meza ya mwenye mkahawa.

"Hebu itazame hapa mbele. Nabonyeza. Waona nini?"

"Sioni kitu, Fundi."

"Haya, lete simu yako. Fungua kamera. Tazama sasa kwenye kioo cha simu."

Akabonyeza. Kwenye simu, katika ncha ile ile iliyokuwa giza, ukawaka mwanga wa zambarau iliyofifia, ukimetameta haraka haraka. Nikapiga kelele. Nikaitazama rimoti kwa macho: giza. Nikaitazama kwa simu: mwanga. Mwenye mkahawa akapaza sauti kutoka jikoni, "Fundi, rimoti hiyo si ya kuchezea, mpira waanza!" na Fundi alikuwa akicheka, amenishika kiwiko, macho yanamng'aa kuliko rimoti.

"Waona! Waona! Sikiza, mwanangu. Ule upinde wa mvua una mlango upande wa wekundu. Jicho lako likifika hapo lagonga, halifunguliwi. Lakini nyumba haijaisha! Nyuma ya mlango kuna ukumbi mrefu. Huo ndio infraredi. Na mwanga wetu sisi, wa faiba, nao umo ukumbini humo humo…"

Alifungua kinywa aendelee. Wali ukaletwa. Ulikuwa wa nazi, na samaki wa kupaka, na tulikuwa na njaa ya tangu alfajiri. Hakuendelea.

Wiki mbili baadaye tulikuwa na kazi kwenye shimo moja la nyaya kando ya barabara ya Magongo. Ndani yake, katika maji yenye mafuta, zililala nyaya mbili nyeusi zilizofanana kama mapacha, vibandiko vya majina vimebanduka. Mmoja ulikuwa mzee, umestaafishwa, tulitakiwa tuukate na kuuvuta nje. Wa pili ulikuwa hai, na ulibeba kazi ya ofisi nyingi za mawakala wa forodha bandarini. Kikosi kilikuwa na kipima mwanga kimoja tu, naye Fundi alikuwa nacho Kipevu, upande wa pili wa waya. Alinipigia simu: "Usiguse. Nakuja nacho."

Nilikuwa na miaka thelathini na hamu ya kusikia "Si mbaya." Nikalifungua kabati la chuma lililokuwa juu ya shimo, ambamo ncha za nyaya zote mbili hutokea. Nikauchagua waya niliodhani ndio uliostaafu. Nikachomoa ncha yake moja, nikaielekezea kamera ya simu kama nilivyofunzwa. Giza. Nikairudisha, nikachomoa ya pili. Giza. Ya tatu, giza. Nikajiambia kwamba Fundi anataka mashahidi wawili, mimi ninao watatu. Nikashuka shimoni na koleo, nikakata.

Kabla sijapanda juu, simu ya dereva ililia. Kisha yangu. Mtandao wa mawakala ulikuwa umezima, makontena hayawezi kutolewa, na malori yakaanza kujipanga kutoka geti la Kipevu, yakapanda, yakaja hadi mahali tuliposimama, honi juu ya honi, madereva wakichungulia kuuliza ni nini tena.

Fundi alifika kwa bodaboda amekumbatia kipima mwanga kama mtoto mchanga. Akauona waya. Hakupaza sauti.

"Ulipima na nini?"

"Na simu, Fundi. Kama rimoti."

Akakaa ukingoni mwa shimo. Nakumbuka alivua kofia yake, akaitazama ndani, akaivaa tena.

"Ule wali," alisema.

Sikuelewa. Alikwisha kupiga magoti na kuanza kazi. Aliuunga uzi mmoja baada ya mwingine, akifuta mara tatu, wala honi zote zile hazikumpunguzia hata mara moja kati ya tatu. Meneja alipokuja, viatu vyake vya kung'aa vimesimama pembeni ya tope, aliuliza swali moja: "Nani amekata?"

"Mimi," Fundi akasema, jicho likiwa kwenye mashine.

"Wewe? Wewe, Fundi?"

"Nilizichanganya. Mkono ni wangu. Andika."

Nilifungua kinywa. Naapa nilifungua. Yeye akanyoosha mkono bila kugeuka. "Mwanangu, nipe kitambaa." Nikampa kitambaa, na kwa kumpa kile kitambaa nikanyamaza, na kunyamaza kukaendelea kwa miaka.

Kosa likaandikwa kwa jina lake. Sentensi ya kuwafunza wapya ikafuata. Mkataba wake ulipokwisha haukurudishwa. Akawa anaitwa kwa siku, kazi ikizidi. Mimi nilivuka majaribio, nikapanda, nikapewa meza, kisha ofisi yenye dirisha. Hatukulizungumza jambo hilo kamwe. Aliendelea kunikaripia kama kwamba hakuna kilichotokea, na mimi niliyapokea makaripio yake kama mtu anayelipa deni kwa vipande vidogo visivyolimaliza.

Jambo moja alilifanya, nalo lilinionyesha kwamba hajasahau. Alininyima raha mpaka nikaelewa kwa nini simu yangu haikuona kitu. Alinieleza kwa siku nyingi, vipande vipande, palipokuwa na kivuli. Mwanga wa rimoti, alisema, umesimama nyuma tu ya mlango. Jicho la simu lina shingo ndefu kidogo kuliko letu, lauchungulia. Mwanga wa faiba umekwenda mbali zaidi ukumbini. Huko hata simu ni kipofu. Nilidhani nina mashahidi watatu, kumbe alikuwa shahidi mmoja kipofu, niliyemuuliza mara tatu.

"Na kwa nini tuupeleke mbali hivyo?" nilimuuliza.

Ndipo akafungua kifuniko cha sanduku lake la vifaa. Kwa ndani alikuwa amebandika picha mbili zilizokatwa kutoka gazeti fulani la zamani, zimeshika mafuta kingoni. Zote mbili zilikuwa za mahali pamoja: katikati ya Njia Nyeupe, ule mkanda wa nyota upitao mbinguni. Ya kwanza ilipigwa kwa mwanga wa kawaida, na katikati yake palikuwa na giza kama moshi. Ya pili ilipigwa kwa infraredi. Moshi hakuna. Pamejaa nyota, nyota zilizosongamana kama mchele uliomwagika sakafuni.

"Mahali ni pale pale," alisema, na sauti ilianza kupanda. "Lile giza ni vumbi! Vumbi tu, kama hili letu la malori. Wimbi fupi la mwanga ni mtoto atambaaye, kila punje kwake ni kilima. Wimbi refu ni mtu mzima, yuwaruka, yuwenda zake. Wanafalaki wakitaka kuuona moyo wa mkanda huu wa nyota, hutumia mwanga wa jirani na huu wa waya wako. Kioo nacho kina vilima vyake, vidogo mno. Mwanga mwekundu wajikwaa humo, huu wavuka mpaka ng'ambo ya bahari. Ukiupeleka mbali zaidi ya hapo, kioo chenyewe chaanza kuunywa. Ni kijia chembamba, mwanangu! Na sisi twapita humo kila siku tukienda kula wali!"

Niliyasoma hayo yote kabla, kwa herufi za Kigiriki. Siku hiyo, nimeketi juu ya ndoo iliyopinduliwa pembeni ya ukuta wa bohari la mafuta, nywele zilinisimama.

Jumamosi baada ya ile Alhamisi ya fomu, nilikwenda kwake Magongo. Anaishi ghorofa ya juu, katika nyumba ambayo ngazi zake hunuka maandazi asubuhi. Mkewe alinifungulia, tukasalimiana, tukaulizana hali za nyumbani mpaka zikaisha.

"Fundi yupo, mama?"

"Yuko juu ya dari na mpenzi wake."

"Mpenzi?"

"Zuhura. Tangu alfajiri. Chai imepoa, mkate umekauka, yeye na Zuhura." Akachukua buibui lake. "Twende tukawafumanie."

Juu, katikati ya kamba za nguo na matangi ya maji, Fundi alikuwa amejikunja nyuma ya kitu nilichochukua muda kukifahamu: nusu ya darubini ya mtumba, jicho moja limevunjika, na kwenye jicho lililobaki amefunga kwa utepe mweusi kamera ndogo ya kompyuta. Kichujio cha kuzuia infraredi, ambacho kila kamera hutiwa kiwandani, alikuwa amekibandua kwa wembe. Mahali pake aliweka kipande cha negativu, ile filamu ya kamera za zamani, sehemu yake iliyounguzwa na mwanga ikawa nyeusi tii. Mwanga wa kawaida hauipiti, infraredi hupita. Waya ulikwenda kwenye kompyuta ya mjukuu wake. Ubavuni mwa tangi la maji palikuwa na safu ya alama za chaki, kila moja na saa yake. Alikuwa ameketi kwa namna ambayo tangi lilimkinga na jua lisiingie darubinini.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba. Wamesema nini?"

Hakuniuliza hata nimefikaje. Niliona shati lake jeupe, jipya, limepigwa pasi na kutundikwa peke yake kwenye kamba. Chini yake, kwenye boksi, alikuwa amepanga vitu: rimoti, chupa ya soda nyeusi, vipande vya faiba, chupa yake ya achari. Lilikuwa somo la kwanza, limeandaliwa kwa ajili ya darasa ambalo hajapewa.

"Hawajasema. Fomu iko kwangu."

Uso wake ulitulia mahali pamoja. Alilijua faili lake. "Basi kwanza njoo uone," alisema. "Haraka, asije akajificha."

Nikainama. Kwenye kioo cha kompyuta mbingu ilikuwa karibu nyeusi, na katikati ya weusi huo palikuwa na nukta moja nyeupe, kali, ikitetemeka. Nikainua macho. Ilikuwa saa tatu na robo asubuhi, jua limewaka, mbingu ni ya buluu tupu na kunguru wawili. Nikatazama tena kwenye kompyuta. Zuhura, ile sayari ing'aayo alfajiri, ilikuwepo.

"Mchana!" nilisema. "Fundi, mchana kweupe!"

"Mchana! Hewa huutawanya ule mwanga mfupi, wa buluu. Huu mrefu wapita tu, haujishughulishi! Kwa huu, mbingu ya mchana ni giza, na mwenye kung'aa aonekana. Alikuwapo siku zote, mwanangu. Nimemfuata tangu kabla ya jua, kila dakika kumi natia alama, nisimpoteze." Alikuwa ameshika kiwiko changu kwa nguvu ile ile ya Kipevu. Kisha akaichomoa kamera kutoka darubinini, akaielekezea soda: kwenye picha ilikuwa maji meupe, ukaona hata kidole chake nyuma ya chupa. Akamgeuzia mkewe, buibui jeusi likawa jeupe kama kanzu.

"Basi nimekuwa bi harusi," akasema mkewe, akaipokonya kamera na kumgeuzia yeye. Tukatazama wote watatu. Katika infraredi piko haikuwapo. Ndevu zilikuwa nyeupe pe, zote, hadi mashinani.

"Alhamdulillahi," akasema mkewe. "Kuna kitu katika nyumba hii kisemacho kweli." Akashuka ngazi akicheka, kwenda kupasha chai moto.

Fundi alizifunika ndevu kwa kiganja. Nikaona kwamba nisiposema wakati huo sitasema tena.

"Fundi, nitaandika kwamba niliyekata ni mimi."

"Utajiharibia. Acha."

"Wewe hujawahi kuipunguza hasara daftarini hata chembe. Kwa nini ulisema uongo siku ile?"

"Sikusema uongo." Alikasirika kweli, yule Fundi wa kunuka spiriti na jua. "Nilikupa nusu ya somo! Nilikuonyesha rimoti kwa sababu nilitaka kuona uso wako ukishangaa. Nikauona, nikafurahi, wali ukaja, nikala. Nusu ya pili, kwamba simu haiuoni mwanga wetu, nikaimeza pamoja na samaki. Mwalimu akikupa nusu, ukenda ukakata kwa nusu hiyo, mkono ni wa nani?"

"Uliniambia nisiguse. Nikagusa. Koleo nilikuwa nalo mimi."

Chini, lori lilikuwa likibadilisha gia kupanda mlima. Alichukua kitambaa, akaifuta kamera mara moja, mara ya pili, akasita, akafuta ya tatu.

"Basi andika yote mawili," alisema. "Langu na lako. Usiandike moja."

Barua ilitoka wiki tatu baadaye, kwa sababu nilitaka kwanza kumweleza mkurugenzi wangu kila kitu nikiwa nimesimama mbele yake. Alinisikiliza hadi mwisho. Faili langu sasa lina ukurasa wa onyo ambao halikuwa nao, na la Fundi limeongezewa ukurasa unaosahihisha. Kisha nikaambatisha fomu ya chuo, mistari yake minne ikiwa mitupu, na barua hii:

"Kwa Mkuu wa Chuo,

Nawaomba radhi kwa kuchelewa. Mmetaka nimweleze mwombaji kwa ufupi, nimejaribu, nimeshindwa.

Kuhusu swali la pili: faili lake lilisema kwamba aliukata waya ulio hai na kwamba hafai kufunza wapya. Waya ule niliukata mimi, nikiwa mgeni kazini, baada ya kuupima kwa kamera ya simu na kukatazwa nisiuguse. Yeye alijitwika lawama kwa sababu aliamini kwamba alinifunza kitu bila kunionyesha mipaka yake. Mimi nilinyamaza kwa sababu niliogopa. Amenitaka niyaandike yote mawili, nami nimeyaandika. Kwa miaka mingi jambo hili lilikuwa na shahidi mmoja, naye alitoa ushahidi dhidi yake mwenyewe. Mimi ni wa pili.

Cheti hana. Mkitaka kujua kama anaweza kufunza, mwekeeni rimoti mezani na mketi mbele yake.

Nina ombi moja. Mkimpa darasa, siku ya somo la kwanza naomba kiti kimoja nyuma, karibu na mlango, na naomba chakula cha mchana kisiletwe mpaka amalize. Nusu ya kwanza niliisikia Kipevu. Nataka nimsikie akilifikisha somo hilo mwisho."